Tumefika Rodi

Kwa miaka yote niliyofundisha madereva wa ambulensi, Migori na Homa Bay, sijawahi kuendesha gari. Hata pikipiki. Siku ya kwanza niliposimama mbele yao katika ukumbi wa mabati mjini Migori, dereva mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono na kuuliza kwa heshima kubwa, "Madam, samahani, leseni yako ni ya class gani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikawaambia kwamba mimi ni nesi, jina langu Robi, natoka Kehancha, na sikuja kuwafundisha usukani. Nilikuja kuwafundisha yanayotokea nyuma ya migongo yao wakati wameushika huo usukani. Kicheko kikaisha. Hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia kwamba ya nyuma yanawahusu.

Ninyi mnaobaki kazini mmeniuliza mara nyingi tulianzaje, na sasa kwa kuwa nimestaafu sina pa kukimbilia. Tulianza na mwanasesere. Alikuwa kichwa na kifua tu, hana mikono wala miguu, macho yamefumbwa nusu, mdomo wazi. Ukibonyeza kifua chake sawasawa, kwa nguvu inayotakiwa, springi ya ndani hulia tik. Usipofikisha, kimya. Madereva wale walikuwa wanaume wazima waliokwisha kutoa watu kwenye magari yaliyobondeka, lakini mwanasesere huyo waliogopa kubaki naye chumbani. Wakampa jina Mgeni. Tukimsafirisha kwenda Homa Bay kwa mafunzo, hakuna aliyekubali kukaa naye peke yake nyuma. Na kila nikitoka nje kunywa chai, nikirudi nakuta wamemfunika uso kwa leso.

"Nani amemfunika?" nilikuwa nikiuliza.

Kila mmoja alitazama viatu vyake.

"Hapa hatufuniki uso wa mtu. Dereva hana ruhusa ya kusema mtu amekufa. Kazi hiyo ina wenyewe, na wanakaa hospitali."

Mchana, jua likipiga mabati, Mgeni alikuwa akilia tik ndani ya sanduku lake bila kuguswa na mtu. Nilieleza kwamba plastiki ikipata joto hutanuka na springi hujisogeza. Walinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha wakabeba viti vyao wakahamia upande wa mlangoni.

Mambo ya kazi yenyewe mnayajua, lakini nitarudia machache kwa sababu kurudia ni ugonjwa wa walimu. Mkanda wa machela ufungwe kabla gari halijaondoka, si baada ya tuta la kwanza. Mtu aliyezimia lakini anapumua, mlaze ubavu, la sivyo atakabwa na ulimi wake au matapishi. King'ora si ruhusa ya kuwa mwendawazimu. Mtungi wa oksijeni ukaguliwe asubuhi, na asiukague yule aliyesema jana kwamba umejaa. Niliwahi kufungua mtungi uliojaa maneno matupu, na sitaki kuukumbuka.

Owino alikuja kwangu akiwa ameshaota mvi, ametoka kwenye kuendesha magari ya maiti. Kwa miaka mingi aliwachukua watu waliofia mijini na kuwarudisha kwenye maboma yao. Ndiye dereva mpole kuliko wote niliowahi kupanda nao. Hakuruka tuta, hakukata kona kwa hasira, na mgonjwa wake angeweza kusafiri na kikombe cha chai kifuani kisimwagike. Wenzake walimwita Jaduong', yaani mzee, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa na jambo moja tu lililowasumbua watu. Alizungumza na waliolala nyuma.

Wasiotoka huku huenda hawajui. Mtu akifia mbali, wanaomrudisha nyumbani humweleza safari. Sasa tumetoka mjini, sasa tunavuka mto, sasa tumefika soko lenu. Asipoambiwa, watu husema, gari litazima njiani na halitawaka mpaka aambiwe. Mbele ya gari hufungwa matawi mabichi ili kila aliye barabarani ajue limebeba nini. Sisi Wakuria nasi tuna yetu, na leo si siku ya kuyaandika.

"Madam, mimi nimeona na macho yangu," Owino aliniambia. "Pale daraja ya mto Kuja gari ilizima. Mafuta iko, betri iko sawa. Fundi akakuja akashindwa. Shemeji ya marehemu akasimama kwa dirisha akamwambia, 'Ndugu yangu, hapa ni Kuja, twende.' Ikawaka saa hiyo hiyo."

"Na mgonjwa aliye hai unamwambia ya nini?"

"Mdomo imezoea. Na mtu akilala vile, Madam, hasikii, haongei, mimi sijui yuko wapi. Wewe unajua?"

Hakuna nesi anayependa swali hilo.

Basi malalamiko yakaanza. Mama mmoja aliyekuwa akimsindikiza mwanawe alisikia sauti kutoka mbele, "Sasa tumefika Rongo, tunaendelea," akapiga mayowe na kutaka kuteremka na mwanawe hapo hapo, chupa ya dripu mkononi. Alisema dereva amemwambia mtoto wake maneno ya maiti. Habari ikazunguka sokoni na kurudi ikiwa imenenepa: wagonjwa wa Owino hawarudi. Si kweli, walirudi kama wa madereva wengine, lakini nani angewasikiliza? Msimamizi wa magari, ambaye alikuwa mtu wa haraka katika kila kitu isipokuwa kutengeneza magari, akaamua Owino aondolewe. Nilibishana naye mpaka akakubali nipande na Owino kwa siku moja. Nikirudi niseme kama anabaki au anakwenda.

Nilimwambia Owino wazi wazi. Akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Nikitoka hapa, kazi yenye itaniita ni ile ya zamani tu. Mimi siwezi kurudi huko, Madam. Watu nilikuwa napeleka, hakuna hata mmoja alishuka kwa gari akaniambia asante."

Nilimpenda kwa maneno hayo, na nilimwonea huruma. Nikampa masharti. Kuzungumza na mgonjwa si kosa, nilisema. Aliyezimia anaweza kusikia hata asipoweza kukujibu, na mimi huwasemesha siku zote. Lakini ataje njia ya hospitali tu. Asimtajie mgonjwa njia ya nyumbani; hiyo ni ya maiti.

Siku hiyo ilikuwa siku ya soko upande wa Asumbi. Mchana ulikuwa mzuri, kisha wingu likapanda kutoka upande wa ziwa na kukawa na giza kana kwamba mtu amefunga mlango. Tulikuwa watatu garini, tumeegesha karibu na soko: Owino kwenye usukani, dereva mwenzake Ouma, na mimi. Mvua ikamwagika, na radi ilipiga mara moja tu. Halafu mvua ikakatika ghafla, na simu ikalia. Tukaambiwa radi imepiga watu waliojikinga chini ya kibanda sokoni.

Nimefika kwenye ajali nyingi na zote zina kelele. Pale hapakuwa na kelele. Watu walikuwa wamesimama duara kubwa kwenye matope, bega kwa bega, na hakuna aliyekuwa ameingia ndani ya duara. Ndizi zilikuwa zimetawanyika. Wanaume wawili walikuwa wamekaa chini wakigumia, wameshika masikio. Katikati alilala mwanamke chali, kiatu kimoja hakipo, mvuke ukitoka kwenye nguo zake. Mtu fulani alikuwa amekwisha kumtandazia matawi mabichi juu ya tumbo, bila shaka kwa kuyarusha kutoka mbali.

"Msimguse!" bibi mmoja akaita. "Mzee wa kuondoa hiyo kitu ya radi ameitwa, anakuja."

"Huyo ashaenda, Madam," mwingine akasema. "Beba hawa wanaume, hawa ndio wako na maisha."

Nilipoinama nikaona shingo yake. Alama nyekundu zilikuwa zimechipuka kutoka sikioni hadi begani, zina matawi, na matawi yana vitawi, mti mzima umechorwa ndani ya ngozi. Radi huacha alama hizo, na hupotea zenyewe baada ya muda. Nilikuwa nimewafundisha hilo. Lakini nilipoona matawi juu ya nguo yake na matawi mengine chini ya ngozi yake, niliurudisha mkono. Niliogopa, nasema ukweli, niliogopa kumgusa kama wao.

Aliyeingia wa kwanza ni Owino. Alipiga magoti kwenye matope, akayaondoa matawi kwa adabu, moja moja, kama mtu anayeondoa vyombo mezani. "Madam," akasema bila kugeuka, "si ulituambia kwa radi tuanze na mwenye amenyamaza?"

Nilikuwa nimesema hivyo. Anayelia anapumua, anaweza kusubiri. Aliyepigwa na radi moyo wake husimama kama saa iliyoangushwa, na mara nyingi ukiustua haraka huanza tena. Ouma akaanza kubonyeza kifua. Niliweka vidole shingoni, juu ya ule mti mwekundu. Nakumbuka nikisubiri kusikia tik. Tukaendelea, tukabadilishana, mpaka mshipa ukaruka chini ya vidole vyangu. Mara moja, kisha tena, kisha ukashika mwendo.

Lakini pumzi haikurudi. Hilo nalo ni la radi: moyo huamka, kifua kinasahau. Ikabidi nimpulizie kwa ambu, ule mpira wa kukamua unaosukuma hewa mapafuni, na ukiacha kukamua, basi. Tukambeba. Wale wanaume wawili walipakiwa kwenye pikapu ya mfanyabiashara mmoja wakatufuata.

Tulipofika kwenye gari tukakuta watu wameshafunga matawi mbele yake. Walikuwa wamefanya kwa nia njema, ili barabara itupishe.

"Toa!" Owino akapaza sauti. Sikujua ana sauti kubwa hivyo. "Hii gari haijabeba maiti!"

"Owino, si tunakujua," mtu akasema. "Wewe ni dereva wa maiti."

"Nilikuwa," akasema, akayang'oa kwa mikono yake.

Kabla mlango haujafungwa, mwanamke mmoja alitukabidhi kiatu kilichokuwa kimepotea na kutuambia huyo anaitwa Boke, muuza ndizi, mtu wa Kehancha. Nikamtazama tena usoni. Nilikuwa nimeshika roho ya binti wa kwetu kwenye kiganja changu, na ilikuwa ndogo, kiasi cha mpira.

Tukaondoka. Owino alikuwa kimya kabisa. Nilijua ni kwa ajili yangu. Alikuwa anaendesha kama mtu anayepimwa. Nilikamua, nikaachia, nikakamua. Macho ya Boke yalikuwa wazi kidogo na hayakunitazama mimi, yalitazama mahali nyuma ya bega langu, na mara mbili niligeuka kuona kuna nini. Hapakuwa na kitu ila mtungi wa oksijeni na mlango.

"Jaduong'," nikasema, "mwambie."

Akakohoa. "Boke. Umelala kwa ambulensi. Tumetoka Asumbi, tunaenda Homa Bay, hospitali. Uko na watu." Kisha akaanza kutaja njia, sauti ile ile ya chini, bila haraka. Kila kituo, kila kona, posho mill ya kusaga mahindi, kanisa la mabati ya buluu.

"Madam," Ouma akanong'ona, "mdomo yake inasonga."

Ilikuwa inasogea kweli. Haikuwa pumzi, kifua kilipanda kwa mkono wangu tu. Midomo ilifunguka na kufungika polepole, kama ya mtu anayemfuatisha mwingine maneno, lakini haikufuatana na maneno ya Owino. Owino alipotaja jambo, yenyewe ilikuwa inasema jambo jingine. Ouma akageuza uso. Mimi sikuweza kugeuza uso, nilikuwa na kazi.

"Tumefika Rodi," Owino akasema.

Midomo ikasimama. Halafu Boke akakunja uso. Wanawake wa sokoni mnawajua: ni uso ule wa mtu aliyetajiwa bei ya ovyo. Akavuta pumzi moja yenye mkwaruzo iliyonifanya niuachie mpira, akakohoa, akavuta nyingine. Ouma alianza kulia. Mimi nililia baadaye, nikiwa nimekwisha kuosha mikono.

Pale hospitali mlinzi alituona, akakimbia kufungua lango la upande wa mochari. Tawi moja lilikuwa limebaki kwenye bampa. Owino akatoa kichwa dirishani. "Fungua ya casualty! Huyu anapumua!" Mlinzi akasema pole mzee, nimeona majani. Sikumlaumu.

Nilimwambia msimamizi kwamba Owino anabaki. Akauliza kama bado anazungumza na wagonjwa. Nikamwambia anazungumza, na kuanzia juma hilo wote watazungumza, nitalifanya somo. Ndiyo sababu ninyi nyote mlifundishwa kumwambia mgonjwa mko wapi na mnakwenda wapi, hata akiwa hajui jina lake. Mlidhani limetoka kwenye kitabu.

Boke alikuja kututembelea Migori alipopona. Alileta mkungu wa ndizi. Alama za shingoni zilikuwa zimefutika na sikio moja lilikuwa halisikii vizuri, kwa hiyo aliongea kwa sauti ya juu, na ukumbi wote ukasikia.

"Kuna mtu alikuwa ananirudisha nyumbani," alisema. "Alikuwa anajua njia vizuri. Akasema tumefika Rongo, na mimi naona ni Rongo. Akasema Migori, naona Migori. Nikawa nasema pamoja na yeye. Akaingia barabara ya Kehancha, akataja mpaka ile kona ya kwetu, mpaka ua ya mama. Mama yangu alishazikwa zamani, lakini alikuwa amesimama kwa mlango, anafuta mikono. Nilikuwa nishaweka mguu chini nishuke. Halafu nikasikia, tumefika Rodi."

Akatutazama, bado amekasirika.

"Rodi! Mimi napanda magari ya hiyo barabara tangu nikiwa msichana. Ukitoka Asumbi kwenda Kehancha, Rodi unapitia wapi? Hiyo ni upande wa Homa Bay. Nikarudisha mguu. Nikamwambia yule mtu, simama, wewe umenipoteza. Akanyamaza. Sikusikia kitu tena mpaka nikaona taa za hospitali."

Madereva walicheka mpaka wakapiga meza. Owino hakucheka. Alimsogelea upande wa sikio zima.

"Mama, huyo alikuwa anakupeleka nyumbani. Alikuwa na sauti ya nani?"

Boke alishangaa swali lenyewe. "Si ni yako, baba. Sauti ilikuwa moja tu."

Kicheko kiliisha kama kile cha siku yangu ya kwanza. Baadaye nilimkuta Owino nje, kiganja chake kiko juu ya boneti ya gari, kama anayepima homa. "Madam, Kehancha mimi sijawahi kufika," alisema. Nilimwambia ninajua. Nikamweleza ubongo uliokosa hewa unavyoweza kuchanganya sauti na sura na kumbukumbu za zamani. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Nilijisikia nikieleza habari za plastiki na joto.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mingi. Wagonjwa wengine walirudi, wengine hawakurudi, na Owino aliwatajia wote njia ya hospitali.

Siku yangu ya mwisho mlinipa Mgeni. Mlisema ni kwa mapenzi, nami najua mlitaka atoke ukumbini. Owino ndiye aliyenipeleka nyumbani, mimi mbele, Mgeni nyuma na mkanda wake. Tulipita mto, tukaacha mji wa Migori nyuma, tukashika barabara ya Kehancha, na mtu yule hakufungua mdomo.

"Jaduong', leo mbona husemi?"

Alikuwa anatazama barabara. "Hii ni njia ya kwako, Madam. Hii mimi sitaitaja."

Tulipofika langoni akazima gari, akaniteremshia mizigo, akanishika mkono kwa mikono miwili. Hakusema tumefika. Nami sikusema.

Mgeni anakaa kwenye kona ya sebule, uso wazi. Mchana jua likipanda juu ya mabati, hulia tik, na nikiwa na wageni huwaeleza kwamba plastiki ikipata joto hutanuka. Nikiwa peke yangu sielezi kitu. Naacha ninachofanya, namgeukia, na kumwambia kwa sauti ya kusikika kwamba tumefika Rodi.